MWAMBIE KABLA YA HARUSI



Kijana, unamchumbia dada wa Kitale, na huko Bungoma tayari una mtoto. Umenyamaza, eti utamwambia mkishaoana. Hapana, ndugu yangu. Mwambie leo.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka notisi itolewe angalau siku 21 kabla ya harusi, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Notisi inaweza kumleta mke uliyemficha. Lakini haitamweleza mchumba wako habari za mtoto, wala mikopo ya simu unayodaiwa. Hayo ni ya kinywa chako.

Anania na Safira (Matendo 5) walipatana vizuri, ila walipatana kudanganya. Shamba lilikuwa lao. Wangesema tu, "Sehemu tumebakiza." Uongo ndio uliowamaliza.

Najua unaogopa ataondoka. Huenda akaondoka kweli. Afadhali alie sasa akiwa kwao, kuliko alie baadaye na mtoto mgongoni. Na akibaki, atakuwa amekuchagua wewe, si yule unayemwigiza.

Dada, hata wewe neno hili ni lako. Mungu akupe ujasiri.

Kama umepokea, sema Amina.