Lubumbashi: Dawa ya kuku mia kwa mwenye kuku kumi

Katika komuni ya Lubumbashi, kuanzia Makutano mpaka Kalubwe na Gambela, si rahisi kupita avenyu moja bila kusikia jogoo nyuma ya ukuta. Wenye nyumba kubwa za zamani wanafuga, na wapangaji wa chumba kimoja uani wanafuga pia. Ni kuku watano, kumi, pengine kumi na watano. Hakuna anayeita jambo hilo ufugaji. Lakini mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za masomo, au mgonjwa akipelekwa hospitali usiku na makuta hayatoshi, jogoo ndiye anayeuzwa wa kwanza.

Kuku hao wanakufa hovyo, na mara nyingi hadithi ni ileile. Kuku anakula lakini anakonda. Upanga wake unapauka, mabawa yanalegea, mayai yanapungua. Jirani mmoja anasema ni baridi, mwingine anasema kuna mtu mwenye jicho baya katika parsele. Siku ya kuchinja, utumbo ukipasuliwa, minyoo myeupe inaonekana, mingine mirefu kufikia sentimita 10. Minyoo hiyo haimwingii mtu, kwa hiyo nyama inaoshwa vizuri, inapikwa, inaliwa na bukari. Shida ni kwamba hakuna anayewaza juu ya kuku tisa waliobaki nje.

Mnyoo huo, ambao mavetereneri wanauita Ascaridia galli, hauhitaji mchawi. Mayai yake yanatoka na kinyesi, yanakomaa katika udongo kwa muda wa wiki mbili hivi, na kuku anayameza akidonoa chakula. Penye kivuli na unyevu yanaweza kukaa miezi mingi yakiwa hai. Parsele za mji ni finyu, kuku wanachakura mahali palepale kila siku, na kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3 mvua ya Lubumbashi haiachi udongo ukauke. Kuna pia minyoo bapa, ambayo kuku anaipata kwa kula sisimizi na wadudu wengine. Kufagia uwanja na kubadilisha maranda ya banda kunasaidia, lakini hakumalizi kazi. Mbegu za papayi na kitunguu saumu, ambavyo wazee wanasifu, hakuna anayejua vipimo vyake kamili, na haviwezi kuchukua nafasi ya dawa.

Na mahindi si ya bure. Mji huu unategemea sana unga na mahindi yanayopita Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2024, Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, ilikuwa wazi ni hatari gani kutegemea shamba la jirani. Familia inayowatupia kuku wenye minyoo pumba za mahindi inalisha minyoo.

Dawa ipo. Levamisole na fenbendazole zinajulikana duniani kote. Piperazine pia inafanya kazi, ila kwa minyoo ya mviringo tu, si kwa ile bapa. Shauri la kawaida ni kutoa dawa kila miezi mitatu, kwa kupima uzito wa kuku, na kusoma kwenye pakiti ni siku ngapi za kungoja kabla ya kula nyama na mayai. Ikiwekwa katika maji, kuku wanyimwe maji usiku, asubuhi wapewe maji yenye dawa peke yake, kiasi cha kumalizwa upesi.

Hapo ndipo mwenye kuku kumi anakwama. Pakiti imefungwa kwa hesabu ya mfugaji mkubwa. Basi anaingia farmasi ya watu, ananunua kidonge cha albendazole cha miligramu 400, anakivunja kwa kukisia. Kidonge hicho kilipimiwa mtu. Kuku wa kienyeji ana uzito wa kilo moja au moja na nusu. Mmoja atapata dawa ya kuku ishirini, mwingine atapata unga uliobaki chini ya kopo.

Kwa chanjo ni vibaya zaidi. Newcastle, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima kwa siku chache, hauna dawa ya kuuponya. Kumwaga tetrasiklini katika maji ni kutupa pesa na kuzoeza vijidudu vingine dawa hiyo. (Vifaranga wanaohara damu wakati wa mvua nao wana ugonjwa mwingine, koksidiosi, ambao dawa ya minyoo haiugusi kabisa.) Kinga ya Newcastle ni tone moja la chanjo katika jicho, linalorudiwa kila miezi mitatu au minne. Lakini chupa moja mara nyingi ni ya kuku 100 au zaidi, inataka baridi katika mji ambao umeme unakatika, na ikishafunguliwa haingoji kesho. Nani atanunua chupa ya kuku mia ili atumie matone kumi?

Kwa hiyo kuwaambia wakaaji “mpeleke kuku kwa vetereneri” ni maneno matupu. Kuku wanaruka kuta. Anayetibu peke yake leo, kesho kuku wake wanachakura kwa jirani asiyetibu. Kipimo kinachofaa dawa hizi ni avenyu, si parsele. Katika vijiji vya Tanzania na Msumbiji walielewa hivyo: chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingine, inatolewa na watu wa kijiji waliofundishwa, wakipita nyumba kwa nyumba siku moja, na kila mwenye kuku analipa kidogo kwa kila kuku.

Lubumbashi haikosi watu wa kufanya kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kina kitivo cha tiba ya mifugo, na wanafunzi wake wanahitaji mikono izoee kuku wa kweli. Komuni ina watumishi wa kilimo na ufugaji, na wakubwa wa avenyu wanajua kila lango. Wanaotoza kodi sokoni wanajua njia ya kufika kwa muuza kuku. Wa dawa wapite njia ileile. Bajeti mpya haihitajiki sana. Inahitajika tarehe, na mtu wa komuni wa kuitangaza.

Tarehe yenyewe si ngumu kupata. Newcastle hupiga sana mwisho wa kiangazi, kuku wanapouzwa na kuhamishwa. Kuku mwenye minyoo mingi hapokei chanjo vizuri, kwa hiyo dawa ya minyoo itangulie wiki mbili hivi. Minyoo mwanzo wa mwezi wa 8, tone la jicho kabla mwezi huo haujaisha, kisha dawa ya minyoo tena mwezi wa 11, mvua ikiwa imeshika.