Breki ya mbele inatetemeka, halafu unaniambia nizoee?

Nimeadimika wiki mbili hivi, test zimenibana. Leo nimerudi na hasira, na hasira zenyewe ni za pikipiki.

Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja ana pikipiki anayoendea tuisheni anakofundisha jioni. Mwezi uliopita ikaanza: akishika breki ya mbele, hendeli inatetemeka mpaka viganja vinawasha. Akaipeleka kwa fundi. Fundi hakuiweka hata stendi kubwa, akatamka: "Diski imepinda." Elfu 45 za bumu zikaondoka, diski mpya ikafungwa, mtetemo uko palepale! Aliporudi akaambiwa, "Hizi ndivyo zilivyo bwana, tumia ya nyuma tu."

Hapo ndipo nilipochoka. Ukishika breki uzito unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi. Ulibane sana linafunga na kuteleza. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kukusimamisha. Sasa mtu anashuka mteremko wa hosteli, mvua imenyesha, mbele kuna watoto wanavuka, wewe umemshauri aiache breki yenye nguvu! Huo ni ushauri au ni mtego?

Mtasema fundi wa kijiweni hana vifaa. Vifaa gani? Simama kando ya pikipiki, bana breki ya mbele, isukume mbele na nyuma huku vidole vyako viko pale shingo ya usukani inapokutana na fremu. Ukisikia "kok", goroli za shingo zimelegea au zimekwisha. Mchezo ukiusikia chini, kwenye mirija ya shokapu, basi ni bushi za shokapu. Kisha nyanyua gurudumu la mbele, lishike juu na chini ulitikise: likicheza, angalia beringi zake na nati ya ekseli. Hapo hujatumia hata spana.

Diski nayo ina dalili zake. Mpigo unausikia mpaka kwenye kidole kilichoshika breki, na unapungua kasi kadiri pikipiki inavyopungua mwendo. Funga waya kwenye shokapu, ncha yake iwe karibu kabisa na diski bila kugusa, halafu zungusha gurudumu uangalie ule mwanya. Vitabu vya pikipiki nyingi vinaruhusu diski iyumbe milimita 0.3 hivi, zaidi ya hapo ndiyo tuseme imepinda. Tena nyingi zinazoitwa "zimepinda" hazijapinda. Zimelika bila usawa, au zimegandwa na mabaki ya pedi zilizoungua, au pini za kalipa zimekauka na pedi moja tu ndiyo inayobana. Unene wa chini unaoruhusiwa kwa kawaida umechongwa kwenye diski yenyewe. Usomeni jamani!

Wenye breki za ngoma msicheke. Ngoma ikipoteza mviringo inatetemesha vilevile, na kukaza spoki ovyo, upande huu sana upande ule kidogo, kunaweza kuivuta ikawa kama yai.

Na kama inatetemeka hata kabla hujashika breki, achana na breki kwanza. Anza na tairi, ringi na beringi.

Lakini sisi wateja nasi tuna kesi ya kujibu. Tunafika kijiweni na jibu mkononi: "Fundi, nibadilishie diski." Hatusemi inaanza mwendo gani, inagonga mara moja au inatetemeka mfululizo. Sisi watu wa ualimu tunafundishwa kila siku kwamba mwanafunzi akikosa, kwanza ujue amekosea wapi. Kwenye pikipiki tunasahau yote, tunataka kununua tu.

Ya jamaa yangu ilikuwa shingo. Mzee mmoja fundi aliifungua, goroli kavu kabisa, grisi ilishageuka vumbi. Akaosha, akapaka mpya, akakaza nati taratibu (ukizidisha hendeli inakuwa nzito na pikipiki inayumba), nusu siku kazi imekwisha. Mtetemo hakuna. Diski ya zamani, ile "iliyopinda", tumeipima kwa waya ule ule kabla hajairudisha. Imenyooka vizuri tu.

Leo jioni tunairudisha ile mpya kwa fundi wa kwanza, jamaa anataka elfu 45 zake. Nitawaambia ilivyokwenda.