Kamina: Je, umeme unaweza kumficha mwanajeshi asionwe na droni?

Kambi ya kijeshi ya Kamina, jimboni Haut-Lomami, ilijengwa na Wabelgiji baada ya Vita Vikuu vya Pili. Novemba 1964, ndege za Marekani zilizobeba askari wa miavuli wa Ubelgiji zilitua hapo kabla ya kwenda Stanleyville, Kisangani ya leo. Enzi hizo, giza la usiku lilitosha kumficha mtu. Leo droni zinatumika katika vita vya mashariki, na kamera ya joto humwona mwanajeshi hata usiku wa manane.

Jibu moja linatafutwa katika grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja. Mwaka 2018, timu ya mtafiti Coskun Kocabas ilipanga tabaka nyingi za grafini na kuzipitishia umeme wa volti chache. Ayoni ziliingia kati ya tabaka, mionzi ya joto ikapungua, na kitu cha moto kikaonekana baridi kwenye kamera.

Lakini joto lenyewe haliondoki, linafichwa tu. Na mchana, kamera ya kawaida bado inamwona mtu.

Kwa Congo, hili si suala la madini. Grafini ya aina hiyo haichimbwi. Inatengenezwa kutokana na gesi yenye kaboni. Nchi iliyozoea kuuza kobalti na shaba haitaipata kwa kuchimba shimo jipya, bali kwa kuzipa maabara za Lubumbashi na Kinshasa umeme na vifaa. La sivyo, itanunuliwa na wenye pesa, na mwanajeshi wa Kamina ataendelea kujificha chini ya mwembe.