Binti Amepata Chuo, Atalala Wapi?

Kila mwaka ifikapo Agosti, habari za kuitwa vyuoni huingia majumbani mwetu. Mama hupiga vigelegele, jirani hupelekewa sahani ya kaimati, na baba hupokea mikono ya pongezi baada ya sala ya Ijumaa. Hazipiti siku mbili ila furaha hiyo huingia swali: huko aendako, mtoto atalala wapi?

Kwa mabinti swali hili ni zito zaidi. Wako wazazi wa Faza, Kipini na Lungalunga wanaolaumiwa kwamba hawataki binti zao wasome. Aghalabu lawama hiyo si ya haki. Mzazi hakukataa chuo. Alichokikataa ni chumba kisichokuwa na komeo madhubuti, katika jengo ambalo wapangaji wake hawajulikani, mwisho wa njia isiyo na taa ambayo msichana ataipita peke yake akitoka maktaba baada ya Isha. Mzazi huyo tumpe makao ya kuaminika, kisha ndipo tumuulize habari za elimu.

Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, vyote vilipata hadhi kamili mwaka 2013. Mabweni ya ndani hayawatoshi wote, na waliokosa nafasi hutafuta vyumba vya kupanga Kibaoni, Mnarani, Kisauni na Mishomoroni. Hapo ndipo mzazi anapokutana na hesabu ambayo hakuandikiwa katika barua ya chuo.

Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 5,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hutaka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya kiasi hicho hicho, basi 10,000 zimekwenda kabla ya kununua godoro. Dalali naye ana chake. Maji ya mitungi na tokeni za stima ni juu ya mpangaji. Kisha huja likizo: mwanafunzi akikaa chuoni miezi minane kwa mwaka, atalipia minne ya chumba kitupu, nayo ni shilingi 20,000, au akihame na aanze upya kutafuta. Fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu mara nyingi hufika masomo yameshaanza, na mwenye nyumba hangojei. Msichana aliyebanwa na kodi ya miezi miwili huwa windo la kila mwenye fedha na nia mbaya. Hili twalijua, ingawa twaona haya kulisema.

Sheria nayo haimsaidii sana. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, huwalinda wapangaji ambao kodi yao haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ni nani leo apataye chumba cha heshima karibu na chuo kwa bei hiyo? Na chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza mfano wake. Kwa kuwa sote twachangia, ni haki yetu kuwauliza wabunge wetu wa Pwani ni vitanda vingapi vya wanafunzi vitakavyojengwa Kilifi na Mombasa kwa fedha hizo.

Lakini tusingojee serikali peke yake, maana jambo hili si geni katika dini yetu. Ahlu Suffa, masahaba mafukara akiwemo Abu Huraira (r.a.), walipewa kivuli cha kulala katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) huko Madina, wakajifunza hapo. Madrasa kongwe za Fez zilijengwa pamoja na vijumba vya wanafunzi. Hapa kwetu, Msikiti wa Riyadha wa Lamu umepokea wanafunzi waliotoka mbali tangu zama za Habib Swaleh. Na chuo hicho cha Tudor kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Bohora.

Wakf, basi, ndiyo njia iliyo karibu. Nyumba ya wakf iliyopangishwa kwa kodi ndogo kwa duka au bohari yaweza kugeuzwa makao ya wasichana, yenye mama msimamizi anayelala humo humo, saa maalumu ya kufunga lango, na kodi ilipwayo kwa muhula. Kodi hiyo iwepo, japo ndogo. Makao ya bure kabisa huharibika upesi, kwani hakuna wa kutengeneza paa.

Nanyi mama wenye vyumba vitupu tangu watoto waoe na kuolewa, mpangaji mwanafunzi mwenye barua ya mzazi na ya imamu wa kwao si mtu wa kuogopwa. Andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, utaje kodi, amana na wageni.

Kamati za misikiti zikutanapo mwezi huu, ziulizane: nyumba za wakf mtaani mwetu ni ngapi, kodi zake zaenda wapi, na ni ipi iwezayo kupokea wasichana kumi na wawili kabla ya Agosti?