Ajali ya Ndege ya Kujiundia Huanzia Karakanani

Hakuna mtoto wa Kibera asiyezijua ndege. Uwanja wa Wilson u jirani kabisa na mtaa huo, na tangu asubuhi hadi magharibi ndege ndogo hupita juu ya mapaa ya mabati zikiwapeleka watalii Maasai Mara na abiria wengine Lamu na kwingineko. Kule Kawangware nako, mlio wa nyundo na cheche za kuchomelea vyuma ni mambo ya kila siku. Fundi wa jua kali hupewa bomba chakavu asubuhi, na jioni akatoa kitanda, lango au rukwama. Mahali palipo na mafundi wa namna hii na vijana wanaotazama juu kila kukicha, hapakosi kuzaliwa ndoto ya kuunda ndege.

Ndoto hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 2010 Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta kutoka Nyeri, alipata umaarufu kote nchini kwa kuunda ndege nyumbani kwake, akitumia injini ya gari na maarifa aliyoyachota katika intaneti. Mwaka uliofuata, jijini Kampala, Chris Nsamba na wenzake walijulikana ulimwenguni kwa kuunda ndege katika ua wa nyumba ya mamake huko Ntinda. Sitashangaa basi siku kijana wa Kibera au Kawangware atakapotangaza kwamba yake i tayari. Nitafurahi. Ila papo hapo nitauliza swali ambalo aghalabu haliulizwi na wanaompigia makofi: je, siku ya kuirusha mara ya kwanza imeandaliwa namna gani?

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mhandisi wala rubani. Naliingilia jambo hili kwa kuwa naona sehemu ya hatari imejificha katika lugha tunayoitumia. Chukua neno ajali. Tulilipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni muda uliokwisha kupangwa, hasa ule wa mtu kufa. Ndipo tukasema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo huwafariji wafiwa, na haki yao. Lakini ukiingia karakanani unakuwa sumu, maana humfundisha fundi kwamba lililo mbele yake limekwisha kuandikwa, na kwamba kazi yake ni kuomba heri tu.

Kitenzi kujaribu nacho kina matawi mawili. Tawi moja limezaa majaribu, yale yanayompata mtu na kumpima imani. Tawi la pili limezaa majaribio, yale ayafanyayo mtu mwenyewe, kwa mpango, hatua baada ya hatua, akiandika alichokiona. Anayeruka kwa mara ya kwanza akisema, "Acha nijaribu, liwalo na liwe," amejitia katika majaribu huku akidhani anafanya majaribio. Umbali uliopo kati ya maneno hayo mawili ndio umbali kati ya uhai na kaburi.

Tutazame ushahidi. Mwaka 2012 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa uchunguzi wake kuhusu ndege zinazoundwa na watu binafsi. Marekani ina maelfu ya ndege kama hizo, hivyo kuna mengi ya kujifunza. Iligunduliwa kwamba sababu mbili zinazoongoza kwa mbali ni injini kushindwa kazi na rubani kupoteza udhibiti wa ndege angani. Kuvunjika kwa mwili wa ndege, jambo ambalo wengi wetu tungelitaja kwanza, hakukuwa kwa kawaida. Iligunduliwa pia kwamba sehemu kubwa ya ajali hizo hutokea mwanzoni mwa maisha ya ndege. Hata ndege iliyokwisha kuruka salama kwa aliyeiunda humgeukia mgeni: kati ya ajali 224 zilizochunguzwa za mwaka 2011, 14 zilitokea katika safari ya kwanza ya mtu aliyeinunua ndege iliyokwisha kutumika. Mambo yanayotokea kwa utaratibu unaotambulika hivi hayawezi kuitwa kudura. Yana visababishi, na visababishi vingi huonekana ndege ingali chini.

Injini ya gari, kwa mfano, haikuzoea kazi ya ndege. Barabarani ni nadra dereva kukanyaga mafuta hadi mwisho kwa dakika nyingi mfululizo. Wakati wa kupaa injini hudaiwa nguvu zake zote, bila kupumzika, huku ikichemka. Aidha, pua ya ndege inapoinuka, mafuta yaliyokuwa yakitiririka vizuri ndege ikiwa sawasawa huenda yasiifikie injini. Ikizimika hapo, karibu na ardhi, hakuna mwendo wala kimo cha kutosha kugeuka na kurudi uwanjani. Na jambo hili hupimika bila kuruka: inua pua ya ndege ikiwa imefungwa imara, uyaache mafuta yatiririke katika chombo, na saa mkononi uhesabu yanatoka kiasi gani kwa dakika.

Zaidi ya hayo, Nairobi si pwani. Wilson i katika kimo cha karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake, panga lake huvuta hewa haba, na mabawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili yainue mzigo ule ule. Kijana anayeiga vipimo vya ndege aliyoiona kwenye video, iliyorushwa karibu na bahari, atajikuta akimaliza uwanja kabla ndege haijainuka. Au vibaya zaidi, itainuka kidogo, isiweze kupanda, na yeye kwa hofu aivute pua juu hadi mabawa yapoteze uwezo wa kuibeba.

Kuna pia suala la uzito na mahali ulipo. Ndege iliyo nzito mno nyuma huinua pua yenyewe, na rubani akashindwa kuirudisha. Hili nalo hujulikana kwa kuweka mizani chini ya kila gurudumu na kupiga hesabu za nyenzo, zile zile ambazo mwanafunzi wa sekondari huzifanya kwa rula na vijiwe vya uzani.

Tusidhani kwamba haya ni makosa ya wasiosoma. Roy Chadwick, Mwingereza aliyebuni ndege mashuhuri ya kivita iitwayo Lancaster, alikufa tarehe 23 Agosti 1947 akiwa ndani ya ndege aliyoibuni mwenyewe. Nyaya za kuongozea mabawa zilikuwa zimeunganishwa kinyume, hivyo rubani alipotaka ndege ilalie upande mmoja, ililalia wa pili. Mtu mmoja kukaa ndani akisogeza usukani, na mwingine kusimama nje akitazama vibawa vinakoelekea, ni kazi ya dakika moja isiyogharimu hata senti.

Wala mtu asiseme kwamba hatari huanza magurudumu yakiachana na ardhi. Agosti 2021, katika jimbo la Maharashtra nchini India, kijana fundi wa miaka 24 aliwasha helikopta aliyojiundia ili aijaribu. Haikuwa imepaa. Panga la mkiani lilikatika, likaleta maafa, naye akafa. Alikuwa na kipaji ambacho nchi yoyote ingejivunia.

Ndugu wa Wright wa Marekani husifiwa kwa ujasiri, lakini tukiwasoma vyema twakuta sifa yao kuu ilikuwa subira. Mwaka 1901 walitengeneza sanduku la kupitishia upepo, wakapima humo mabawa madogo ya maumbo mengi. Mwaka 1902 waliteleza hewani mamia ya mara kwa chombo kisicho na injini, wakijifunza kukiongoza kabla ya kukitia nguvu. Walichagua Kitty Hawk kwa kuwa palikuwa na upepo wa kutosha, mchanga mwororo wa kuangukia na watu wachache. Tarehe 17 Desemba 1903 safari yao ya kwanza ilidumu sekunde 12, mwendo wa mita 37 hivi. Waliowashuhudia walikuwa watano tu.

Naomba msomaji aikumbuke idadi hiyo. Kwetu sisi, fundi akisikika tu kwamba ameunda ndege, umati hukusanyika, kamera huja, mwanasiasa huahidi kuhudhuria, na siku hutangazwa. Kuanzia hapo si fundi tena anayeamua. Upepo ukivuma vibaya, ataahirisha vipi mbele ya watu elfu moja? Akisikia injini ikikohoa, atashuka vipi huku simu zimeinuliwa kumrekodi? Umati huo ndio humsukuma kuruka siku ambayo chombo chake kinamwambia asiruke. Tena umati huo huo, hasa watoto wanaopenda kukimbia sambamba na chombo, ndio unaosimama mahali ndege itakapoangukia.

Na hapa ndipo Kibera na Kawangware zinapotofautiana na uwanda wa mchanga. Tarehe 7 Agosti 2025 ndege ya matibabu iliyokuwa imeondoka Wilson ilianguka Mwihoko, katika kaunti ya Kiambu. Walikufa wanne waliokuwamo, na wengine wawili waliokuwa chini, wasiohusika kamwe na safari hiyo. Ile ilikuwa ndege ya kiwandani, yenye marubani waliohitimu. Seuze chombo kisichowahi kuruka, juu ya mtaa ambao nyumba zake zimegusana na vichochoro vyake havimpishi hata mzima-moto? Marekani kwenyewe, ndege mpya ya kujiundia hutakiwa kuruka saa nyingi za majaribio mbali na makazi ya watu, bila abiria, kabla ya kuruhusiwa kwingine. Kwetu pia sheria hairuhusu chombo kuruka bila kuandikishwa na bila hati ya kuthibitisha ubora wake.

Wapo watakaonijibu kwamba masharti ni anasa ya matajiri, na kwamba nikizungumza hivi nazima ndoto za maskini. Nawaelewa, kwani vijana wetu wamekwisha kuambiwa "haiwezekani" mara nyingi mno. Lakini vipimo nilivyovitaja havihitaji utajiri. Vinahitaji mizani, saa, daftari na rafiki mwaminifu wa kutazama. Ghali hasa ni mazishi, na ghali zaidi ni kwa yule asiye na bima wala akiba. Anayemwambia kijana maskini kwamba tahadhari si ya watu wa aina yake hampendi. Amemhesabu kuwa mtu ambaye tukimpoteza si hasara.

Wenzangu walimu, tuna kazi ya kufanya. Katika maonyesho ya sayansi ya shule zetu, tuzoee kulitunza daftari kuliko kitu chenyewe. Mwanafunzi aliyeandika kwamba mfano wake wa ndege ulianguka mara thelathini, na akaeleza kila mara kwa nini, apate alama nyingi kumshinda aliyeleta kitu kinachong'aa ambacho hakijapimwa. Tuanzishe vyama ambamo ndege za makaratasi na za mbao nyepesi hupimwa uzito, hubadilishwa na kurushwa tena, ili neno jaribio lizoeleke kinywani na mkononi pia.

Kwa wakuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vyuo vya ufundi, naomba mlango ulio wazi. Fundi wa Kawangware akija na michoro yake, akutane na mhandisi wa kumuuliza maswali kabla hajakutana na askari wa kumkamata. Marekani wamechapisha kitabu kizima cha kuwaongoza watu wa kawaida katika kujaribu ndege walizojiundia. Tunahitaji mwongozo wa aina hiyo kwa Kiswahili fasaha na chepesi. Lugha inayoweza kueleza mirathi, bahari na nyota haitashindwa na bawa na injini. Sisi wa isimu tuko tayari kusaidia kuutafsiri.

Nanyi wanafunzi, pamoja na mafundi wachanga, msiache kutazama juu. Undeni. Lakini kabla ya kuruka peke yako, jifunze urubani kwa aliyehitimu, au umwachie rubani mzoefu safari ya kwanza. Aliyeunda ngoma si lazima awe ndiye mpigaji bora. Msitangaze siku. Siku itajitangaza yenyewe vipimo vitakapokwisha. Na ikiwa asubuhi hiyo kipimo kimoja kimekataa, rudisheni chombo karakanani bila haya, hata kama nchi nzima inangoja. Fundi aliyeahirisha safari yake bado anayo kesho ya kuirekebisha.