Shamba Lipimwe Kabla Halijakatwa: Wito kwa Wanaotafuta Makazi Himo

Nyumba ya bei nafuu Himo huanzia kwenye kiwanja, na kiwanja chenyewe huanzia kwenye shamba la mahindi ambalo mwenyewe ameamua kulikata vipande. Dalali hutangulia, muuzaji hufuata, na mnunuzi huja na mke au ndugu wa kushuhudia. Muuzaji hupiga hatua juu ya matuta huku wenzake wakihesabu kwa sauti: ishirini kwenda mbele, ishirini kukata kona. Kwenye kona huchomekwa tawi la isale, mmea ambao Wachaga wameutumia kuweka mipaka tangu enzi za mababu, na kazi ya kupima inakuwa imekwisha. Mauziano huandikwa kwenye karatasi ya daftari, mashahidi huweka sahihi, mwenyekiti wa kitongoji hugonga mhuri, fedha huhesabiwa. Saa sita mchana haijafika familia imeshapata mahali pa kuishi, na ukubwa wake umetegemea urefu wa miguu ya muuzaji.

Mji wenyewe uko kilomita zipatazo 27 mashariki ya Moshi, chini ya mteremko wa Kilimanjaro. Hapo Njia Panda barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha inaachana na ile inayoingia Himo na kuendelea Marangu, Rombo na Holili hadi Taveta, upande wa Kenya. Malori ya nafaka hupita hapo usiku na mchana. Mama lishe, wapakiaji mizigo, madereva wa bodaboda, wauza ndizi, walimu na mafundi wote hupata riziki kwa kuwa karibu na njia hiyo. Wengi wao huanza kwa kupanga chumba kimoja, mara nyingi kwa kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo, na ndoto ya kila mmoja ni kuondoka kwenye chumba hicho kabla watoto hawajakua.

Zamani kijana wa mlimani hakuhitaji kununua pa kujenga. Alipooa, baba alimkatia sehemu ya kihamba, na kitinda mimba alibaki na nyumba ya wazazi. Kihamba ni migomba, kahawa, magimbi, miti ya kivuli, zizi la ng'ombe na makaburi ya waliotangulia, vyote mahali pamoja. Ndiyo maana kukiuza kwa mtu baki ni jambo zito kwa ukoo. Watafiti walioandika kuhusu vihamba mwaka 1984, akiwamo Jumanne Maghembe aliyekuja kuwa waziri, walitaja wastani wa hekta 0.68 kwa kaya, yaani eka moja na theluthi mbili hivi. Eneo hilo likigawiwa wana wanne, kila mmoja hupata chini ya nusu eka. Wana wa hao wanne hawana tena cha kugawana, labda kugombana.

Kupanda juu zaidi hakuwezekani. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 mipaka yake ilishushwa ikachukua msitu, pamoja na ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao. Wakati huohuo watu wanaongezeka: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 1,640,087 katika mkoa wa Kilimanjaro, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,861,934. Njia iliyobaki ni kushuka, kwenye mashamba ya tambarare ambako wazazi walikwenda kulima mahindi na maharage na kurudi mlimani jioni. Kwa mabinti njia hii ina uzito wa pekee. Mila iliwapa kihamba ndugu zao wa kiume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, lakini kwa wengi wao kiwanja cha Himo, kilichonunuliwa kwa fedha zao wenyewe, ndicho kipande cha kwanza cha ardhi katika ukoo wao kuandikwa jina la mwanamke.

Huko juu, kwa upande mwingine, zimesimama nyumba kubwa zenye geti la chuma ambazo hufunguliwa wiki mbili za Krismasi na kufungwa mwaka mzima uliobaki. Zimejengwa kwa upendo na kwa heshima ya wazee, wala si haki kuwalaumu wenyewe. Hata hivyo ni uchungu kuona nyumba ya vyumba sita inalindwa na mzee mmoja, ilhali kilomita kumi chini yake mpwa wa mwenye nyumba analala na watoto watatu katika chumba cha kupanga. Fedha zilizowekwa kwenye vigae vya nyumba moja kama hiyo zingeweza kuwa mchango wa kwanza wa shamba la watu wengi.

Tatizo la kununua kipande kwa kipande halionekani mwaka wa kwanza. Kila mnunuzi hupita kwenye shamba la jirani ambaye bado hajajenga. Anapojenga, njia inahamia kwa mwingine, kisha kwa mwingine, mpaka inabaki uchochoro wa kupitisha mtu na ndoo. Lori la mawe ya msingi huishia barabarani na mawe huingizwa kwa toroli, kwa malipo ya ziada kila safari. Mgonjwa hubebwa mpaka kwenye gari. Kila nyumba huvuta bomba lake la maji kwa gharama yake, na bomba moja likipasuka hapajulikani ni la nani. Masika inapofika, maji yanayoshuka kutoka mlimani hutafuta makorongo yake ya siku zote na kuyakuta yamejengewa kuta. Huingia ndani.

Kisha yako mambo ya karatasi. Mhuri wa mwenyekiti ni ushahidi kwamba watu wameuziana, si hati. Benki haitoi mkopo wa nyumba kwa dhamana ya karatasi ya daftari, na hata kwa wenye hati mikopo hiyo ni michache: jumla yake nchini haifikii asilimia 1 ya pato la taifa. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa kazi hiyohiyo, ilifungwa mwaka 1995. Kwa hiyo mtu wa kawaida hujenga kwa kudunduliza: msingi mwaka huu, boma mwaka ujao, kupaua anapopata. Pagale likikaa miaka saba bila hati, mwenyewe hana usalama wowote endapo muuzaji atafariki na watoto wake wakasema hawakushirikishwa. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa katika uuzaji wa ardhi ya familia, na mauziano mengi huandikwa bila sahihi ya mke wa muuzaji. Mnunuzi asiyeulizia hilo amenunua kesi.

Yapo pia maeneo yasiyofaa kununuliwa hata kwa bei ya kutupa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na Mto Himo haukusamehewa. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Viwanja vya rahisi kuliko vyote mara nyingi viko humo humo.

Serikali ina utaratibu wa kurasimisha makazi yaliyojengwa bila mpango, na umesaidia familia nyingi nchini kupata hati. Lakini urasimishaji huja baada ya kuta kusimama. Ili barabara ipatikane, mmoja hubomoa choo, mwingine hupoteza nusu ya ua, na vikao vya kukubaliana huweza kuchukua miaka. Ni nafuu mara nyingi kupanga shamba likiwa bado na mabua ya mahindi.

Wito kwa wakazi wa Himo, kwa vijana wa Kilema, Kirua, Marangu, Mamba na Mwika wanaotazama tambarare, na kwa ndugu zao walioko Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo, ni huu: waache kununua mmojammoja. Wanunue shamba zima kwa pamoja, walipime kwanza, ndipo wagawane.

Hesabu yake si ngumu. Eka nne ni mita za mraba 16,000 na kidogo. Ikitolewa robo kwa ajili ya barabara, mitaro na eneo la wazi, hubaki mita za mraba 12,000, yaani viwanja 30 vya mita 20 kwa 20, vilevile ambavyo sasa hupimwa kwa hatua. Mwenye shamba humwuzia mnunuzi wa jumla kwa masharti mepesi kuliko anavyowauzia watu 30 kwa nyakati tofauti. Mpima hulipwa mara moja. Bomba kubwa la maji huchimbiwa mtaro mmoja. Dalali naye hulipwa mara moja tu.

Mkoa huu hauhitaji kufundishwa ushirika. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa mlimani waliunda chama chao cha wapandaji, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha kwanza cha ushirika Tanganyika. Kilichowaunganisha ni kutambua kwamba mkulima mwenye gunia moja hana sauti mbele ya mnunuzi, na mnunuzi wa kiwanja kimoja leo yuko katika hali hiyohiyo mbele ya dalali. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko Moshi, mwendo wa daladala moja kutoka Himo, na wataalamu wake wanaweza kuombwa kusaidia kuandika katiba ya chama cha nyumba kama wanavyoombwa kwa vyama vya kahawa na SACCOS.

Mfano wa makazi upo Dar es Salaam. Wakazi wa Kurasini walipotakiwa kuondoka kupisha upanuzi wa bandari, wengi wao wapangaji wasio na fidia ya ardhi, wanachama wa vikundi vya kuweka akiba walichanga na kununua shamba la eka 30 hivi huko Chamazi, wakaunda ushirika wa nyumba. Walifyatua matofali yao wenyewe ya kufungamana na kuchora nyumba inayoweza kuanza na chumba kimoja ikaongezwa baadaye. Ujenzi ulikwenda polepole kuliko matumaini ya mwanzo, kwa sababu ya umbali na uhaba wa fedha. Hilo lisifichwe. Lakini watu waliokuwa hawana hata kona ya kuweka sufuria walipata ardhi, na waliipata kwa sababu walikuwa kundi.

Utaratibu wa Himo unaweza kufuata mkondo huo kwa shamba dogo zaidi. Kikundi husajiliwa kwanza, ama kama chama cha ushirika chini ya sheria ya mwaka 2013, ama kwa njia nyingine inayokipa jina la kununulia na akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Baada ya hapo huulizwa swali moja ofisi ya ardhi ya halmashauri: shamba hili ni ardhi ya kijiji au limo ndani ya eneo la mipango ya mji? Jibu hubadilisha kila kitu. Katika ardhi ya kijiji, uamuzi hupitia halmashauri ya kijiji, na Sheria Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu kikundi kupata hakimiliki ya kimila. Ndani ya eneo la mpango, huchorwa ramani ya mipango miji, huidhinishwa, bikoni huwekwa, ramani ya upimaji husajiliwa, kisha kila mwanachama huombewa hati yake. Fedha ya shamba isilipwe yote kabla ya jibu hilo kupatikana kwa maandishi.

Katiba ya kikundi iseme mambo matatu waziwazi. Viwanja vigawanywe kwa kura, mwenyekiti akiwa miongoni mwa wanaoshika karatasi. Mwanachama aliyeoa au kuolewa aandikishe majina mawili. Na asiyeweza kuendelea arudishiwe mchango wake na kikundi, kiwanja kisiuzwe kwa mlanguzi; la sivyo, baada ya miaka mitano nusu ya viwanja vitakuwa vya watu wasiojulikana, vimeota nyasi.

Halmashauri ya Wilaya ya Moshi nayo ina sehemu yake. Kila halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni ya biashara, haijengi nyumba ya mtu. Lakini kikundi cha vijana chenye mashine ya kufyatua matofali ya udongo na saruji kidogo ni biashara halali, na wateja 30 wanakisubiri kwenye shamba moja. Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi una utaalamu wa matofali hayo. Udongo upimwe kwanza, kwa kuwa wa mlimani na wa tambarare haufanani.

Muda mzuri wa kuanza ni Desemba. Magari ya Dar es Salaam yanapanda, vikao vya ukoo vinakaa, mbege ipo, na watu wenye uwezo na wasio nao wanaketi chini ya migomba ileile. Ukoo ukishamaliza habari za makaburi na michango ya harusi, ajenda moja iongezwe: nani kati ya vijana wetu hana pa kujenga, na nani yuko tayari kuanza nao. Kikao kitoke na majina, kiasi cha mchango wa kila mwezi, na watu wawili wa kwenda ofisi ya ardhi Januari, ofisi zikifunguliwa.