Ngazi Isiyo na Vidato vya Chini

Katika kila ofisi ya Nairobi kuna msee atakayekuambia ukatae nyongeza ya mshahara, eti utaruka kiwango kingine cha ushuru urudi nyumbani na hela kidogo kuliko jana. Mpuuze. PAYE haifanyi kazi hivyo. Kiwango kipya kinakata ile sehemu iliyovuka mpaka tu; pesa za chini ya mpaka zinakatwa kama zamani. Hofu hiyo ya uongo inatuziba macho tusione dhuluma yenyewe, ambayo imelala wazi kabisa kwenye jedwali.

Viwango vilivyoanza Julai 2023 vinasema hivi: shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi, asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata, asilimia 25. Kutoka hapo hadi 500,000, asilimia 30. Kisha 32.5 mpaka 800,000, na 35 kwa kinachozidi.

Soma tena hapo katikati. Kutoka elfu thelathini na mbili hadi nusu milioni ni kidato kimoja! Karani wa Rongai mwenye mshahara wa 50,000 na mdosi wake wa 480,000, PAYE ya shilingi yao inayofuata ni thelathini kwa mia, wote wawili.

Na ile asilimia 10 ya chini? Mzuka. Kila mfanyakazi ana nafuu ya 2,400 kwa mwezi, ambayo ndiyo hasa asilimia 10 ya 24,000. Zinafutana. Kwa hivyo ngazi halisi inaanzia sufuri, inaruka hadi 25, na kabla hujapumua uko 30.

Watetezi wa mfumo watasema usiangalie shilingi ya mwisho, angalia wastani. Haya, tuangalie. Kwa makato ya 2025, NSSF, SHA na ushuru wa nyumba zikishatolewa, karani analipa PAYE ya kama 5,850, chini kidogo ya asilimia 12 ya mshahara wake wote. Mdosi analipa karibu 129,000, kama asilimia 27. Sawa, wastani unapanda, na sikatai kwamba mdosi anachangia zaidi. Lakini wastani haukuambii kinachompata karani anapojaribu kuinuka. Mwongeze 5,000: mfukoni zinaingia 3,141. Mwongeze mdosi 5,000 hizo hizo: zinaingia 3,351. Ndiyo, umesoma vizuri. Mdosi alishafika kikomo cha NSSF, kwa hivyo hapo hakatwi tena. Utaniambia NSSF ni akiba, si ushuru. Kweli. Jaribu kumlipa mwenye nyumba kwa akiba ya uzeeni.

Kisha tunaambiwa eti watu wa chini hawalipi kitu. Anayepata 20,000 hakatwi PAYE hata ndururu, ila pesilipu yake inaonyesha SHA 550 na ushuru wa nyumba 300, zote zikihesabiwa kuanzia shilingi ya kwanza, bila nafuu yoyote. Na hapo hajaingia dukani akutane na VAT ya asilimia 16.

Wasituambie haiwezekani kupanga ngazi vizuri. Aprili 2020, corona ilipobisha hodi, viwango viliwekwa 10, 15, 20 na 25, na hicho cha mwisho kilianza baada ya 57,333. Serikali haikuanguka. Januari 2021 vidato vya 15 na 20 viking'olewa, na asilimia 30 ikaanzia 32,333. Unga umepanda, nauli imepanda, kodi ya nyumba ndiyo usiseme. Mpaka wa 32,333 ulifika 2025 bila kusogezwa hata shilingi moja. Na 2023 walipoamua kuongeza vidato, waliviongeza juu, kwa wanaopita nusu milioni. Huku chini hawakugusa kitu.

Turudishieni 15 na 20. Ushuru wa nyumba na SHA viwe na nafuu kwa wa chini, kama PAYE ilivyo nayo. Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, kwa hivyo tunajua kusoma. Mswada ujao ukichapishwa, tafuta jedwali la PAYE kwanza, kisha mpigie mbunge wako simu umuulize karani wa 50,000 anafanya nini kwenye kidato kimoja na mdosi wake.